Wiki Hii Bendi Inapiga Wapi?

Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1980, mpenzi wa dansi alikuwa na swali moja kuanzia Jumatano: wiki hii bendi inapiga wapi? Jibu lilikuwa kwenye gazeti, kwenye ubao uliochorwa kwa chokaa nje ya baa, au kinywani mwa jirani aliyetoka huko jana usiku. Ukumbi, siku, kiingilio, basi. Nani angefikiri kwamba vitangazo hivyo vingekuja kuwa sehemu ya historia ya fasihi yetu?

Mimi nadhani ni hivyo. Tunaposoma mashairi ya muziki wa dansi (na tuyasome, maana kuna tungo pale zinazozidi diwani nyingi zilizochapishwa) tunategemea kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Hakukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri Tanzania, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia ya kwenda Nairobi ikawa ngumu kabisa. Studio ya RTD ikabaki karibu mlango pekee. Lakini mlango ule ulikuwa na bawabu: maneno ya wimbo yalisomwa kwanza, yakakubaliwa au yakakataliwa, ndipo bendi iingie kurekodi. Kwa hiyo tulicho nacho kwenye kanda ni wimbo uliokwisha kuvaa shati la kazini. Wimbo wenyewe ulikuwa umeshaishi ukumbini, mbele ya watu wenye bia mezani.

Na ukumbi haukuwa pambo. Tazama tu nani alikuwa na nini. Mwanamuziki wa dansi, kwa kawaida, hakumiliki gitaa alilolipiga. Magitaa, ngoma na spika vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa Juwata, bendi ikawa Juwata Jazz. Kikawa OTTU, nayo ikawa OTTU Jazz. Leo ni Msondo Ngoma. Bendi moja, majina manne, kama mke anayebadilishiwa jina kila mume anapobadilisha kazi! Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Polisi walikuwa na yao, na jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz. Mshahara ulikuwepo, mdogo lakini ulikuwepo, na huo mshahara ndio uliompa mtunzi muda wa kukaa na hadithi yake.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Mlimani Park. Bendi ilianza mwaka 1978, ikabeba jina la baa iliyokuwa ikipiga, na vyombo vyake vilikuwa vya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS. Ndiyo, teksi. Muhidin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka wakahamia huko kutoka Juwata, na kwa muda mfupi mji mzima ukawa unasema Sikinde, jina la mtindo wao lililotoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1983 kampuni ikaishiwa nguvu. Hapo bendi nyingi zingekufa. Aliyeichukua ni DDC, shirika la maendeleo la jiji, na DDC lilikuwa na kitu ambacho kampuni ya teksi haikuwa nacho: kumbi. Kariakoo. Magomeni Kondoa. Yaani ukumbi ndio ulioinunua bendi, si bendi iliyokodi ukumbi. Tangu hapo jina rasmi likawa DDC Mlimani Park Orchestra.

Sasa sikiliza wimbo wao wowote wa kipindi hicho kwa sikio hilo. Unaanza polepole. Mwimbaji anasimulia: mgonjwa, mke aliyeachwa, ndugu aliyedhulumiwa mirathi, jirani mwenye wivu. Waitikiaji wanarudia kiini cha lalamiko, magitaa yanaongea chinichini, tarumbeta zinasubiri. Sehemu hii si ya kuruka. Ukumbini wengi walikuwa bado wamekaa, au wanacheza kwa kusogea kidogo tu, masikio yako kwenye maneno. Halafu ngoma inageuka. Gitaa la solo linashika mzunguko mfupi, tarumbeta zinaingia, na hiyo ndiyo chemko. Viti vinabaki vitupu.

Wahakiki wengine wanaieleza chemko kama mkia wa rumba ya Kongo, na hawajakosea. Ile sebene imo. Ila haielezi kwa nini sehemu ya kwanza ilipewa uzito mkubwa hivyo. Mimi naiona meza. Watu wale walikuja na wake zao, na mashemeji, wakakaa kundi zima kwenye meza moja, na kesi iliyokuwa ikiimbwa ilikuwa na watu wake palepale ukumbini. Mtunzi kama Cosmas Chidumule, aliyetunga "Neema", aliijua hadhira hiyo kwa sura. Akiweka jambo la uongo, angeliona usoni mwao kabla hajafika kwenye kiitikio. Mhariri gani wa vitabu ana bahati hiyo?

Siku ya Jumapili kulikuwa na bugi, dansi la mchana, na hapo hata wale ambao usiku hawaruhusiwi kutoka walipata kusikia wimbo mpya.

Ushindani wa kumbi pia ulihamisha watu. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliunda International Orchestra Safari Sound, akawachukua Gurumo na wenzake kadhaa kutoka Sikinde. Mtindo wao ukaitwa Ndekule. Mashabiki wakagawanyika, na maneno ya nyimbo yakaanza kurushiana vijembe, kila upande ukijifanya unaimba mapenzi tu. Ukisikiliza kanda pekee utadhani ni mapenzi kweli. Ukijua Ijumaa ile nani alipiga wapi, na nani alikuwa ametoka wapi, utacheka.

Miaka ya 1990 mambo yakapinduka kwa kasi. Mashirika ya umma yakafungwa au yakauzwa, redio binafsi zikaanza, disko likahitaji watu wawili badala ya kumi na wanane. Mwenye baa alipiga hesabu. Bendi zilizobaki zikajipanga upya: African Stars wakajaza Mango Garden pale Kinondoni na mtindo wa Twanga Pepeta, wimbo ukaharakisha kufika kwenye chemko, na majina ya wafadhili yakaanza kutajwa katikati ya wimbo. Siwalaumu, lazima mtu ale. Lakini ile dakika ya kukaa na kusikiliza kesi ilipungua.

Gurumo alistaafu mwaka 2013. Mwaka huohuo Diamond Platnumz alimpa gari, na mwezi wa Aprili 2014 mzee akafariki. Msondo na Sikinde bado wapo, na bado wanapiga kwenye baa na kumbi za mjini, wakati mwingine wakikutanishwa jukwaa moja kwa mpambano, mashabiki wazee upande huu na upande ule.

Tangazo sasa linakuja kwa WhatsApp, picha yenye rangi nyingi na namba ya kuhifadhi meza. Likikufikia, fanya mambo mawili. Usilifute: liweke pamoja na tarehe na jina la ukumbi, maana baa zinavunjwa na hakuna anayeandika. Halafu nenda, na ufike mapema, kabla watu hawajaanza kusimama.