Fimbo kwa Kimo cha Mtu

Mwezi Septemba mwaka 1502, Mfalme James wa Nne wa Uskoti alinunua fimbo za kuchezea gofu. Habari hiyo imebaki katika daftari la mweka hazina wake, nayo ni miongoni mwa kumbukumbu za kale kabisa za mtu kununua vifaa vya mchezo huo. Lakini kilichonifanya mimi, mwalimu mstaafu wa huku Singida, niisome mara mbili ni kazi ya yule aliyemuuzia. Hakuwa seremala wala mhunzi. Alikuwa mtengeneza pinde wa mji wa Perth.

Jambo hilo lina kichekesho chake. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti lilikuwa limepiga marufuku gofu kwa sababu vijana waliacha kufanya mazoezi ya kulenga shabaha kwa upinde wakaenda kupiga mipira, na huyu huyu James wa Nne aliirudia marufuku hiyo mwaka 1491. Baada ya miaka 11 tu anakwenda kwa mtengeneza pinde kununua fimbo! Na mwaka 1603 mfalme mwingine, James wa Sita, alimteua William Mayne wa Edinburgh kuwa mtengenezaji wake wa fimbo za gofu. Kazi ya Mayne ilikuwa nini? Kutengeneza pinde.

Ukifikiri kidogo utaona sababu yake. Mtengeneza pinde ni mtu anayejua mti unaokubali kupindika na kurudi. Anajua pia kwamba upinde mgumu mno kwa mkono dhaifu hautupi mshale mbali, na upinde mwepesi mno katika mkono wenye nguvu ni hasara. Fimbo ya gofu ina tabia hiyo hiyo. Mpini wake hupinda kidogo mtu anapoizungusha, kisha hujinyoosha inapoufikia mpira. Kwa hiyo ugumu wa mpini lazima upatane na kasi ya mikono.

Wilayani Mkalama, upande wa Bonde la Eyasi, wako ndugu zetu Wahadzabe. Huko kila mwanamume hujichongea upinde wake mwenyewe, na kamba yake ni ya mishipa ya mnyama. Mtoto wa kiume hupewa upinde wake wa kwanza akiwa bado mdogo sana, karibu na umri wa miaka 3, na jinsi anavyokua ndivyo pinde zake zinavyokua. Hapewi upinde wa baba yake akaambiwa avumilie mpaka mikono irefuke. Nimepata kumwona mzee mmoja huko akiushika upinde wa kijana, akauvuta nusu, akautazama, akamrudishia bila neno. Ulikuwa upinde mzuri, ila haukuwa wake.

Msomaji ataniuliza, gofu na Singida vinahusianaje? Mkoa wetu ni wa alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na majabali, na katika miaka yangu yote sijapata kuona uwanja wa gofu humu mkoani. Nimeingizwa katika habari hizi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa askari Dar es Salaam na kujifunza mchezo huo kule Lugalo, kwenye uwanja wa jeshi. Habari zake zitakuja. Ila kabla ya gofu niliyafahamu mambo haya kwa njia ya jembe.

Baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, kila shule ilikuwa na shamba. Majembe ya shule moja niliyoifahamu yalikuwa na mipini ya urefu mmoja, iliyochongwa kwa kimo cha mtu mzima. Mtoto wa darasa la tatu alilishika jembe hilo katikati ya mpini, nyuma yake kikabaki kipande kirefu kinachomgonga ubavuni kila anapoinua. Akilima hatua kumi, mwenzake mwenye umbo kubwa yuko thelathini. Jioni majina ya wavivu yalisomwa mstarini. Niliposhika uongozi wa shule niliweka utaratibu kwamba kila mwanafunzi alete jembe la kwao, lenye mpini uliochongwa na baba yake au mjomba wake. Haikuwa hekima kubwa. Nyumbani hakuna mzazi anayempa mtoto jembe lisilomwenea, kwa maana anataka shamba liishe. Tuna methali isemayo mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeifundisha miaka mingi. Ila mwenye jembe fupi huinama msimu mzima, wala hakuna alichotafuta mvunguni.

Sasa turudi kwenye gofu. Zamani mipini ilikuwa ya mbao, na katika karne ya 19 mti uliopendwa kuliko yote ulikuwa hickory kutoka Marekani. Hakuna vipande viwili vya mti vinavyolingana. Mchezaji alikwenda kwa fundi, akajaribu fimbo hii, akaitikisa ile, akachagua iliyomkubali, na fundi akiwa na kisu na msasa alipunguza unene hapa na pale. Kisha ukaja mpini wa chuma cha pua. Wamarekani waliuruhusu katika miaka ya 1920, na wakuu wa mchezo huko St Andrews wakaukubali mwaka 1929. Chuma kilileta faida ya kweli. Hakivimbi kwa unyevu, hakivunjiki ovyo, na kiwanda kinaweza kutoa mipini elfu iliyo sawa. Fimbo zikaacha majina yake ya zamani zikapewa namba, zikauzwa kwa seti, na kufikia mwaka 1939 sheria ya kuchukua fimbo zisizozidi 14 ilikuwa imekubaliwa pande zote mbili za bahari.

Lakini neno "sawa" lina mtego. Sawa na nani? Kiwanda kilichagua mtu mmoja wa kati, mwanamume, mwenye kimo fulani, wa mkono wa kulia, na fimbo za dukani zikafuata umbo lake. Wanawake walipewa zilizofupishwa kidogo. Wa mkono wa kushoto walitafuta wasipate, na wengi wao walijifunza kwa kulia. Hilo nalo sisi walimu tunalijua. Rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja alichapwa vidoleni mpaka akahamisha kalamu, na mwandiko wake haukutengemaa hadi leo. Ilipofika mwaka 1963, Bob Charles wa New Zealand akawa mchezaji wa kwanza wa mkono wa kushoto kushinda mashindano makuu ya wazi ya Uingereza. Mashindano hayo yalianza mwaka 1860. Tafadhali hesabu miaka hiyo.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kurudisha kipimo cha mtu aliitwa Karsten Solheim. Alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akapelekwa Marekani akiwa mtoto. Baba yake alikuwa fundi viatu, na Karsten mwenyewe, alipokosa fedha za kuendelea na chuo kikuu, alishona viatu kwa miaka. Wanaomsimulia hupenda kueleza kwamba baadaye alikuwa mhandisi wa kampuni ya General Electric. Kwangu mimi neno kubwa ni viatu. Fundi viatu hawezi kumwambia mteja kwamba mguu wake ndio wenye kosa. Solheim alianza gofu akiwa na miaka 42, akaona fimbo zinamsumbua, na mwaka 1959 akaanza kutengeneza zake katika gereji ya nyumba yake huko California.

Alifanya mambo mawili ninayoyaona ya maana. La kwanza, aliondoa uzito katikati ya kichwa cha fimbo akaupeleka pembezoni. Mwenye kubeba maji kwa mzega ataelewa. Ndoo mbili zikiwa mwisho kabisa wa mti, mti hauzunguki kwa urahisi ukiguswa. Zisogeze karibu na bega, utazunguka kwa kidole. Ndivyo fimbo ya Solheim ilivyokuwa: mchezaji asiye stadi akiupiga mpira kwa pembeni, kichwa hakikupinduka sana mkononi, na mpira ulikwenda karibu na alikokusudia. La pili, katika miaka ya 1970 aliweka alama za nukta za rangi kwenye fimbo zake, kila rangi ikionyesha jinsi mpini ulivyolala kuelekea ardhini. Nyeusi ndiyo ya kati, nyingine ni kwa wafupi, warefu, wenye mikono mirefu na wenye mifupi.

Maana kimo peke yake hakitoshi. Wapimaji humsimamisha mtu wima akiwa na viatu, mikono imening'inia, wakapima kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni. Mtu mrefu mwenye mikono mirefu anaweza kuhitaji fimbo sawa na ya mtu wa wastani. Kisha hubandika utepe chini ya kichwa cha fimbo na kumwambia apige mpira ulio juu ya ubao. Utepe ukichubuka kuelekea nchani, mpini umelala mno kwa mtu huyo, na kwa mchezaji wa kulia mpira huenda kulia. Ukichubuka kuelekea kisigino, mpini umesimama mno, na mpira huenda kushoto. Nyuzi moja au mbili zinatosha kumpeleka mtu majanini. Dawa yake ni ya kihunzi tu: fimbo hubanwa kwenye jiliwa, fundi akaipinda shingo kwa nondo. Siku hizi kuna rada na kamera. Kampuni ya TrackMan ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 2003, hupima mwendo wa mpira hewani. Biashara nayo imeingia, na wako wanaouziwa seti mpya kila mwaka kwa kuambiwa kipimo chao kimebadilika. Kwa hilo sina heshima. Mifupa ya mtu mzima haibadiliki kila Januari.

Huku kwetu gofu iliingia na Waingereza, ikakaa katika klabu za Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro. Mwafrika aliingia uwanjani kama kedi, amebeba mfuko wa mwingine. Alijifunza kwa kutazama, kwa fimbo ya mti aliyoikata kichakani, na baadaye kwa fimbo chakavu aliyotupiwa bwana alipopata mpya. Kwa hiyo vipaji vyetu vya kwanza vilikua juu ya vipimo vya watu wengine kabisa.

Hapa najua nitajibiwa, na mpwa wangu ndiye aliyenijibu kwanza. Aliniambia habari za Severiano Ballesteros wa Hispania, ambaye utotoni alipiga mipira kwenye mchanga wa pwani kwa fimbo moja tu, chuma namba 3 aliyopewa na kaka yake, naye akashinda Kenya Open jijini Nairobi mwaka 1978, na mwaka uliofuata mashindano makuu ya Uingereza. Akaniambia pia habari za Papwa Sewgolum wa Afrika Kusini, Mhindi aliyekuwa kedi, aliyeshika fimbo mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia, kinyume cha wote, akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Aliposhinda Natal Open mwaka 1963 alikabidhiwa kombe nje kwenye mvua, kwa sababu ya sheria za ubaguzi zilizomzuia kuingia ndani ya klabu. "Mjomba," akasema, "unaona? Mwenye kipaji hazuiwi na fimbo."

Nilimjibu kama mwalimu wa hesabu. Tunawahesabu waliofika. Wale waliopiga mpira ukaenda majanini, wakapiga tena ukaenda majanini, wakasema mchezo huu si wangu, wakarudi kubeba mifuko, nani ana daftari lao? Nimesahihisha mitihani miaka mingi, na ninajua kwamba orodha ya waliofaulu haisemi lolote juu ya aliyeketi nyuma asione ubao.

Yeye mwenyewe alikuwa karibu kuingia katika kundi hilo. Ni mfupi wa kimo, na fimbo zake alizinunua kwa mtu mrefu aliyekuwa akihama. Kwa miaka 2 mipira yake ilikwenda kushoto, naye akajipinda mgongo ili kuizuia, akaambiwa hana mkono wa gofu. Siku moja fundi alimpima. Mpini ulikuwa mrefu kwake kwa inchi moja, na ncha ya kichwa ilikuwa imeinuka hewani. Zilikatwa, zikapindwa, zikawekewa mishikio myembamba. Hakuwa bingwa. Ila mpira ulikwenda mbele, na mgongo ukaacha kumuuma.

Sasa binti yake ana miaka 11 na anatumia mkono wa kushoto. Fimbo za watoto za mkono huo hazionekani madukani, na za mitumba ni adimu. Wiki iliyopita alinipigia simu kwamba amepata chuma namba 7 ya kushoto, ya mtu mzima, na anataka kuikata. Nilimuuliza kipimo cha kifundo cha mtoto hadi sakafuni. Ni inchi 27. Nimemwambia asikate kwanza. Mpini ukifupishwa hivyo unazidi kuwa mgumu, na kichwa kinabaki kizito kwa mikono ile. Atafute mpini mwepesi wa fimbo ya mwanamke, kisha amwone fundi. Akikosa, yuko seremala mmoja hapa Kiomboi anayechonga mipini ya majembe vizuri sana, na kichwa cha chuma tunacho.