Bega la Kushoto, Bega la Kulia

Mdogo wangu ni kiziwi, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa masikio yake kwenye michezo ya kompyuta. Adui akitokea kushoto, namgonga bega la kushoto. Akija kwa nyuma, namgonga mgongoni. Mara nyingi alikuwa ameshapigwa risasi kabla kidole changu hakijamfikia.

Ndiyo maana mwaka 2004 una uzito kwangu. Agosti ilitoka Doom 3, mchezo wa kufyatua risasi unaotukia kwenye sayari ya Mirihi, mwaka 2145. Giza totoro, mchezaji huishi kwa kusikia. Namba za kufungulia baadhi ya makabati zilitajwa kwenye sauti zilizorekodiwa, na mchezo haukuwa na maandishi ya mazungumzo. Asiyesikia angezipata wapi? Jibu lilitoka kwa wachezaji wenyewe: waliunda nyongeza iliyoandika maneno na milio kwenye skrini, pamoja na rada ya kuonyesha sauti inatoka upande gani. Ilikuwa kazi ya kujitolea, nami naiheshimu kuliko tuzo nyingi.

Novemba ikaja Half-Life 2 ya Valve, maandishi yakiwa ndani tangu mwanzo: si maneno ya watu tu, hata milio. Baadaye Fortnite ikaweka alama za nyayo na risasi kuzunguka katikati ya skrini.

Siku mdogo wangu alipoziwasha alama hizo, alinishika mkono uliokuwa begani kwake, akaushusha taratibu, akaendelea kucheza.