Mashine ya Svedberg na Jina Lake katika Kiswahili

Miongoni mwa istilahi za sayansi zinazohitaji visawe, zipo zinazoonekana nyepesi kwa sababu sehemu zake zinajulikana. Jina la kimataifa la mashine aliyoibuni mwanakemia wa Sweden, Theodor Svedberg, ni mojawapo. Mfasiri huligawa mara mbili. Nusu ya pili ni sentrifuji, yaani mashine izungushayo kioevu kwa nguvu hata chembe nzito zikaelekea mbali na kitovu. Nusu ya kwanza ni "ultra", ambayo tumekwisha kuizoea kwa "-mno" katika urujuanimno. Hivyo huzaliwa "sentrifuji ya kasi mno". Hatukubaliani na kisawe hicho, na sababu zetu zimo katika historia ya chombo chenyewe.

Mwaka 1924, Svedberg wa Chuo Kikuu cha Uppsala na mwenzake Herman Rinde walipoitangaza mashine yao, walieleza kwamba jina lake wameliunda kwa mfano wa hadubini na chujio zilizokwisha kupewa kiambishi hicho. Kilichokusudiwa ni udogo wa chembe zinazochunguzwa, wala si kasi. Tena, kilichoitofautisha mashine hiyo na sentrifuji za kawaida ni dirisha. Mwanga ulipenya katika kijisanduku cha kioevu mashine ikiwa katika mzunguko, na picha zikapigwa jinsi mpaka wa chembe unavyosogea. Sentrifuji ya kawaida humlazimu mtu angoje isimame ndipo aone kilichotuama. Hii ilimwonyesha kutuama kwenyewe.

Faida yake ilidhihirika upesi. Wakati ule wataalamu wengi walidhani protini ni mafungu ya chembe ndogo yaliyoshikana bila ya kipimo maalumu. Svedberg na tabibu Robin Fåhraeus wakaijaribu himoglobini ya damu, wakaona kuwa molekuli zake zina uzito mmoja, takriban 67,000, yaani mara nne ya uzito uliokadiriwa kutokana na chuma kilichomo. Hayo yalichapishwa mwaka 1926, mwaka ule ule ambao Svedberg alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Jina lake limebaki katika kipimo, herufi S, ambayo ni sekunde moja ikigawanywa kwa trilioni kumi. Hapa walimu wanaombwa wawe waangalifu. Ribosomu ya bakteria, ambayo imeundwa kwa protini na RNA, ni 70S; nayo hugawanyika vipande viwili, 30S na 50S. Mwanafunzi hujumlisha, akapata 80, akadhani kitabu kimekosea. Kitabu hakikukosea. S hupima wepesi wa kutuama, na wepesi huo hutegemea uzito pamoja na umbo la kitu na jinsi kinavyosuguana na maji. Vipande viwili vikiungana, sehemu ya nyuso zao hufichika, na msuguano hauongezeki kwa kadiri ya uzito. Kwa hiyo kuandika "uzito wa 70S", kama tulivyokwisha kuona katika tafsiri kadhaa, ni kumpotosha msomaji.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu kuchunguza jinsi protini zinavyoshika asidi za nukleiki. Protini ikiwa peke yake hutuama polepole. Ikiishika DNA, huchukuliwa nayo kwa mwendo wa DNA. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Walter Gilbert na Benno Müller-Hill waliitia alama ya mnururisho protini inayozuia bakteria kutumia jeni za kumeng'enya sukari ya maziwa. Walipoizungusha pamoja na DNA yenye jeni hizo, ilitelemka nayo. Walipotia kemikali inayofanana na sukari hiyo, iliachia. Yafaa ikumbukwe kwamba wao walitumia sentrifuji ya kutenga, ambayo yaliyomo hukusanywa baada ya kusimama. Ile ya Svedberg huweza zaidi ya hapo. Asidi za nukleiki hufyonza sana urujuanimno wa nanomita 260, na protini nyingi ule wa nanomita 280. Mtazamaji huweza kumfuata kila mmoja njiani, akakadiria ni kiasi gani kimeshikana na kiasi gani kiko huru.

Kwa hiyo tunapendekeza "sentrifuji ya uchambuzi", kinyume cha "sentrifuji ya kutenga". Mashine nyingi za kutenga nazo zina kasi kubwa ajabu, na neno "kasi mno" haliwezi kuzipambanua. Kwa tendo lenyewe tuna kitenzi cha nyumbani, kutuama: kila aliyeteka maji ya mto anajua tope hutuama chini ya mtungi. Kutokana nacho twapata "mtuamo", "kasi ya mtuamo" na "msawazo wa mtuamo".

Limebaki neno la uhusiano baina ya protini na DNA. Wengi huandika "mwingiliano". Neno hilo linafaa kwa maana pana, lakini kinachopimwa katika mashine hii ni kushikana na kuachana, na nguvu ya kushikana huko. Mahali hapo tungependelea "mshikamano", ijapokuwa tunajua kwamba wanasiasa wamelitumia hata limechakaa.