Hati za Kwanza za Ardhi ya Marekani

Mwishoni mwa Septemba 1785, Thomas Hutchins alisimama kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Ohio, pale mpaka wa Pennsylvania unapokutana na maji, akaanza kupima ardhi kuelekea magharibi. Kifaa chake kikuu kilikuwa mnyororo wa chuma wenye urefu wa futi 66. Minyororo 80 ilifanya maili moja. Kila eneo la maili 6 kwa 6 lilikuwa kitalu, na kila kitalu kiligawanywa vipande 36 vya ekari 640. Kipande namba 16 kilitengwa kwa ajili ya shule.

Haya yote yalikuwa yameamriwa na sheria ya 20 Mei mwaka huohuo. Taifa lilikuwa limetoka vitani na Uingereza likiwa na madeni makubwa, na Bunge lake halikuwa na uwezo wa kutoza wananchi kodi. Lilichokuwa nacho ni madai juu ya ardhi ya magharibi. Likaamua kuipima, kuiuza kwa dola moja au zaidi kwa ekari, na kumpa kila mnunuzi hati ya serikali. Hiyo ndiyo ingekuwa hati ya mwanzo kabisa ya shamba lile. Kila mauzo, mirathi na rehani ya baadaye ingefuatia hapo.

Ila ardhi ile ilikuwa na watu. Washawnee, Wadelaware, Wawyandot na Wamiami walikuwa na vijiji, mashamba ya mahindi na makaburi ya wazee wao kaskazini mwa Mto Ohio. Januari 1785 baadhi ya viongozi walikuwa wametia saini mkataba wa kuachia ardhi katika ngome ya McIntosh, lakini wengi katika mataifa yao waliukataa. Hutchins alifanya kazi siku chache tu, kisha akasitisha upimaji kwa sababu ya habari za mashambulizi. Alirudi mwaka uliofuata, safari hii akiwa na ulinzi wa askari.

Vipande vya kwanza viliuzwa mwaka 1787 kwa mnada mjini New York, mbali sana na mashamba yenyewe. Tarehe 4 Machi 1788, John Martin alipewa hati ya ekari 640 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Belmont, Ohio. Inahesabiwa kuwa hati ya kwanza ya aina hiyo kutolewa kwa mtu binafsi. Zingatia mfuatano wa miaka: mwaka 1791 mashujaa wa mataifa ya Ohio, wakiongozwa na Little Turtle na Blue Jacket, waliliangamiza jeshi la Jenerali Arthur St. Clair na kuua zaidi ya askari 600. Walishindwa mwaka 1794, na mwaka 1795, kwa Mkataba wa Greenville, wakaachia sehemu kubwa ya Ohio. Hati ilikuwa imetangulia amani kwa miaka 7.

Swali la nani hasa ana haki ya kutoa ardhi lilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1823. Upande mmoja, wa mdai aliyeitwa Johnson, ulidai ardhi iliyonunuliwa moja kwa moja kutoka kwa Waillinois na Wapiankeshaw mwaka 1773 na 1775. Upande wa pili, William McIntosh alikuwa na hati ya serikali. Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba wenyeji walikuwa na haki ya kukaa tu. Umiliki wenyewe ulikuwa wa taifa lililodai kuigundua nchi, na taifa hilo pekee ndilo lingeweza kuugawa. Mnunuzi aliyelipa wenye ardhi akashindwa na mwenye karatasi. Kwa maoni yangu, hakuna hukumu iliyowagharimu wenyeji wa Marekani zaidi ya hiyo, na hakuna mwenyeji hata mmoja aliyekuwa mdai wala mdaiwa katika kesi yenyewe.

Baada ya hapo hati zilimiminika. Sheria ilitaka rais atie saini kila moja kwa mkono wake, hadi maelfu yakarundikana mezani kwa Andrew Jackson. Mwaka 1833 Bunge likaruhusu karani asaini kwa niaba yake. Mwaka 1862 Abraham Lincoln aliidhinisha sheria ya kugawa ekari 160 kwa yeyote aliyestahiki ambaye angekaa miaka 5 na kulima, kwa kulipa ada ndogo tu. Familia zipatazo milioni 1.6 zilipata mashamba hivyo, wakiwemo Wamarekani weusi waliokuwa wametoka utumwani. Wengi wao walikuwa watu maskini waliofanya kazi ngumu, na haki yao ya kujivunia jasho lao siikatai.

Kisha hati ikageuzwa kuwa silaha dhidi ya wenyeji wenyewe. Sheria ya Dawes ya 1887 ilivunja ardhi ya pamoja ya mataifa yao, ikawapa watu binafsi vipande ambavyo serikali ingevishika kwa amana miaka 25. Ardhi iliyobaki iliitwa ziada na kufunguliwa kwa walowezi. Mwaka 1906 sheria nyingine ikamruhusu Waziri wa Mambo ya Ndani kutoa hati kamili mapema kwa yeyote aliyeonekana ana uwezo wa kujisimamia.

Mwaka 1916, Waziri Franklin Lane alikwenda kwa Wayankton huko South Dakota kuongoza sherehe ya kukabidhi hati. Mwanamume aliitwa kwa jina lake la asili, akapewa upinde, akaamriwa apige mshale wake wa mwisho. Kisha alishikishwa jembe la kukokotwa na kuambiwa kwamba sasa ataishi maisha ya mzungu. Tangu hapo ardhi yake ingeweza kutozwa kodi. Wengi waliopata hati hizo, baadhi bila hata kuziomba, walipoteza mashamba kwa kodi, madeni na ulaghai. Mwaka 1887 mataifa ya wenyeji yalikuwa na takriban ekari milioni 138. Utaratibu wa kugawa vipande ulipokomeshwa mwaka 1934 zilibaki milioni 48.

Hata vipande vilivyobaki katika amana vilirithiwa na kugawanyika hadi kimoja kikawa na mamia ya warithi. Elouise Cobell, mwanamke Mblackfeet wa Montana, aliishtaki serikali mwaka 1996 kwa kutosimamia fedha za ardhi hiyo ipasavyo. Mwaka 2009 serikali ilikubali kulipa dola bilioni 3.4, na bilioni 1.9 kati ya hizo zikatengwa kununua hisa hizo ndogondogo kutoka kwa warithi waliotaka kuuza. Mpango huo ulipofungwa mwaka 2022, ekari karibu milioni 3 zilikuwa zimerudi mikononi mwa mataifa yao.