Ndiyo na Siyo: Mwalimu Aliyeacha Maswali Wazi

Wanaosifu elimu ya kale ya Ulaya aghalabu humtaja Dorothy Sayers, yule mtunzi wa riwaya za upelelezi. Mwaka 1947, huko Oxford, alitoa mhadhara akilalamika kwamba shule zinafundisha masomo lakini hazimfundishi mwanafunzi namna ya kujifunza. Dawa yake ilikuwa kurudia masomo matatu ya Enzi za Kati: sarufi, mantiki na balagha. Mtoto mdogo akariri, akikua kidogo abishane, akifika ujanani ajieleze.

Hoja ina nguvu, ila ngazi hiyo ya umri ni yake Sayers zaidi kuliko ya wazee anaowategemea. Kwa Quintilian, mwalimu wa Roma katika karne ya 1, sarufi ilikuwa na sehemu mbili: kusema kwa usahihi na kufasiri washairi. Yaani uhakiki ulikuwa ndani ya sarufi yenyewe! Kumeza tu, kama wengi wetu tunavyomeza madesa, hakukutosha.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Peter Abelard (1079–1142), aliyefundisha Paris. Katika kitabu chake Sic et Non, yaani Ndiyo na Siyo, alipanga maswali 158 ya dini. Chini ya kila swali akaweka kauli za mababa wa Kanisa, hawa wakikubali, wale wakikataa. Jibu je? Hakutoa. Katika dibaji alitoa vifaa tu: mtu aangalie kama neno moja limetumika kwa maana mbili, kama mnakili alikosea, kama mwandishi aliibadili kauli yake baadaye. Mhakiki yeyote wa fasihi anavijua vifaa hivyo.

Ualimu wa namna hii ulikuwa na hatari zake. Mwaka 1121 baraza la Soissons lilimlazimisha Abelard kukitia motoni kwa mkono wake kitabu kingine alichoandika, juu ya Utatu Mtakatifu.

Sisi hatuchomewi vitabu. Lakini tukipewa wahakiki wawili wanaopingana juu ya riwaya moja, swali la kwanza darasani huwa lile lile: “Sasa kwenye mtihani tuandike la nani?” Na wahadhiri nao watuambie: mwanafunzi atakayeonyesha kwa hoja kwamba swali bado li wazi, mtampa alama ngapi?