Kuongeza Uwezo wa Kompyuta ya Nyumbani kwa Michezo ya Video Mjini Bunia

Uwezo wa kompyuta katika michezo ya video hupimwa kwa fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha mpya ambazo mashine huchora na kuzifikisha kwenye skrini. Kwa fremu 60, kila picha hupewa milisekunde 16.7; kwa fremu 30, milisekunde 33.3. Kipimo hiki hutofautishwa na mambo matatu yanayochanganywa nacho: ulaini, yaani usawa wa muda kati ya fremu na fremu; muda wa kufungua mchezo; na ucheleweshaji wa mtandao. Mashine yenye wastani wa fremu 60 lakini inayokwama kila baada ya dakika huchosha kuliko ile inayoshikilia 40 bila kuyumba.

Viungo vinavyohusika ni vinne: prosesa, kadi ya grafiki, RAM na diski. Kiungo kinachochelewesha vingine hutambuliwa kwa kupunguza idadi ya pikseli, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, ambayo ni chini ya nusu. Fremu zikiongezeka sana, mzigo ulikuwa kwenye kadi ya grafiki. Zikibaki zilivyokuwa, chanzo mara nyingi ni prosesa. Kununua kifaa kabla ya jaribio hili ni kubahatisha.

Mjini Bunia kiungo cha tano hutangulia vyote, nacho ni umeme. Kituo cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa ajili ya mji unaokua. Nyumba nyingi hutegemea jenereta au panele za jua, hata pale waya wa umeme unapopita. Athari za umeme mbovu ni za aina mbili. Ya kwanza ni kuyumba kwa volti, ambako huua pawasaplai polepole na kuizima mashine ghafla mzigo unapopanda. Dawa yake ni stabilaiza, au UPS yenye kirekebishi cha volti. Ya pili ni umbo la mkondo. Inveta za bei nafuu hutoa mkondo wa ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawasaplai za kisasa hukataa kufanya kazi nazo au hupata joto na kuvuma.

Umeme wa jua unalazimisha hesabu ambayo vitabu vya nchi zenye umeme wa kutosha huiruka. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikitumiwa hadi kushuka chini ya nusu huharibika mapema, hivyo zinazofaa kutumiwa ni 600. Kompyuta na skrini zinazokula wati 150 kwa saa tatu zinahitaji 450, na upotevu wa inveta ukiongezwa hufika karibu 530. Hapo betri imekwisha kazi kwa usiku huo. Kwa hiyo uwezo hapa hupimwa kwa fremu kwa kila wati, na hatua yenye faida kubwa ni ya bure: kuweka kikomo cha fremu. Kadi ya grafiki isiyo na kikomo huchora hata fremu 140 ambazo skrini ya herzi 60 haiwezi kuzionyesha. Ikifungwa kwenye 60, matumizi ya umeme hushuka, joto hushuka, na feni hunyamaza.

Baada ya umeme, tatizo la pili ni joto. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na ndiyo maana mchezo huanza vizuri kisha huzorota baada ya robo saa. Bunia iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,275, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Feni ileile huondoa joto pungufu kidogo, ingawa ubaridi wa nyanda za juu hufidia. Adui mkubwa ni vumbi la barabara za udongo, hasa miezi ya kiangazi. Tiba yake ni kufungua, kupuliza huku feni imezuiwa isizunguke, na kubadilisha grisi ya joto iliyokauka juu ya prosesa.

RAM ya gigabaiti 4 haitoshi tena. 8 ni kiwango cha chini, na 16 huondoa tatizo kwa michezo mingi. Jambo linalosahauliwa ni idadi ya kadi zake. Kompyuta isiyo na kadi ya grafiki ya pekee huazima RAM ya mashine, na kadi mbili za gigabaiti 4 huipa njia mbili za data badala ya moja, hivyo huishinda kadi moja ya 8. Aina za RAM za DDR3 na DDR4 haziingiliani. Meno ya kadi hizo hupakwa dhahabu. Yakichafuka, husafishwa kwa ufutio laini wa penseli.

Diski ya SSD hufupisha muda wa kufungua mchezo na kupunguza kukwama, lakini kwa kawaida haiongezi fremu.

Kadi ya grafiki ndiyo ghali zaidi, na katika kompyuta za ofisi zilizokwishatumika hukutana na mipaka miwili: kasha jembamba na pawasaplai ndogo isiyo na waya wa ziada. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75 tu. GT 1030 ya NVIDIA hutumia wati 30, GTX 1650 ya kawaida 75. Zote mbili zina matoleo mafupi. Kompyuta mpakato, kwa sehemu kubwa, haziwezi kubadilishiwa kadi.

Upande wa programu, draiva mpya ya grafiki na kuzima programu zinazojifungua zenyewe hutosha. Katika mipangilio ya mchezo, vivuli hupunguzwa kwanza, kwa kuwa hula nguvu nyingi na kukosekana kwake hakuonekani sana; tekscha hubaki juu iwapo kumbukumbu ya kadi inaruhusu. Programu zinazouzwa kwa ahadi ya kuongeza kasi hazistahili nafasi kwenye diski. Mpakato unaotumia betri yake hujishusha kasi, hivyo huchomekwa wakati wa kucheza.

Mtandao wa simu hauongezi wala kupunguza fremu. Huchelewesha amri tu. Kwa michezo inayoruhusu, kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya wa mtandao huchezeana bila intaneti na bila kutumia bando.