Kukimbia Kinyumenyume: Zoezi Hili Limetoka Wapi?

Juma lililopita, baada ya kliniki ya watoto hapa Likoni, mama mmoja alinivuta kando. Mwanawe hucheza mpira, na kocha huwakimbiza vijana kinyumenyume uwanjani. "Sista, huyu mtu si atanivunjia mtoto?" Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa kifupi. Leo nataka kumjibu vizuri.

Mwendo huu ulivuma kwanza kama kioja cha kutafuta riziki. Mwaka 1931, uchumi wa Marekani ulipoanguka, Plennie Wingo wa Texas, aliyekuwa amepoteza mkahawa wake, aliamua kuizunguka dunia kwa kutembea kinyumenyume. Alivaa miwani yenye vioo vidogo ili aone anakokwenda. Oktoba 1932 alifika Istanbul, Uturuki. Nyumbani aliacha mke na binti. Watu humsifu yeye. Mimi humfikiria yule mama aliyebaki na mtoto.

Baadaye wakaja wakimbiaji. Mwaka 1984 Arvind Pandya, Mhindi, alikimbia kinyumenyume kutoka Los Angeles hadi New York kwa siku 107. Mwaka 1991 Ferdie Adoboe wa Ghana alikimbia yadi 100, yaani kama mita 91, kwa sekunde 12.7. Wengi wetu hatuwezi hata tukitazama mbele!

Wataalamu wa viungo nao waliona faida. Ukikimbia mbele, mara nyingi kisigino hutua kwanza, na ile pia ya goti hubanwa sana kwenye mfupa wa paja. Ukirudi nyuma, vidole ndivyo hutangulia, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi kubwa, na pia ya goti hubanwa kidogo. Ndiyo sababu mgonjwa wa goti huweza kupewa zoezi hili, lakini chini ya uangalizi. Mwili pia hutumia nguvu nyingi kuliko kwenda mbele kwa mwendo uleule, hivyo mtu huchoka upesi. Makocha wa mpira hulitumia kwa kupasha mwili moto. Kwa hiyo mama, mwanao hatavunjika, bora uwanja uwe umeokotwa mawe na chupa, na vijana wasigongane.

Lakini kocha achunge jua letu. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilifanyika kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, hapo ng'ambo ya feri. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu kila mwaka tangu 2002, aliishiwa nguvu kwa joto akaacha mbio katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ikiwa joto lilimtoa Bekele, mtoto wa miaka 12 asikimbizwe saa nane mchana bila maji.

Yule mama, akiwa anaondoka, akaniambia goti lake mwenyewe humuuma akipanda ngazi, naye ameacha hata kutembea kwenda sokoni. Mama, usikimbie. Goti likaguliwe kwanza kituoni. Ukiruhusiwa, nenda ufuoni maji yakipwa, alfajiri au baada ya alasiri, mahali mchanga ni mgumu. Mwambie shoga yako asimame mbele yako akushike mikono, yeye ndiye awe macho yako. Rudi nyuma polepole hatua 20, kisha pumzika. Usifanye hivyo ukiwa mjamzito, ukiwa na mtoto mgongoni, au ukiwa unapatwa na kizunguzungu. Buibui likiwa refu, lipandishe kidogo. Wengi huanguka kwa kukanyaga pindo.

Goti likivimba au likiwa na moto, acha zoezi urudi kituoni. Juma lijalo tutazungumza kuhusu maji ya kunywa wakati wa kiangazi.